Siri ya mtoa habari huvujia kaunta ya kituo

Mhariri,

Kila vijana wenye mapanga wanapovamia wapita njia huku Kisauni, au ng'ambo ya kivuko kule Likoni, wakubwa wa polisi hutoa hotuba ile ile: wahalifu hawa ni watoto wenu, mnaishi nao na mnawajua kwa majina, basi jitokezeni mtoe habari, na sisi tutailinda siri yenu. Sina ubishi na sehemu ya kwanza ya hotuba hiyo. Ahadi iliyo mwishoni mwake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu nilifanya kazi ya ukalimani mahakamani kwa miaka 27, na nilipostaafu nikachaguliwa kuwa katibu wa kamati ya Nyumba Kumi, mpango wa serikali wa usalama wa ujirani, mtaani kwetu. Kwa hiyo nimeona kutoka pande mbili jinsi jina la mtoa habari linavyohifadhiwa na jinsi linavyopotezwa, na ninaamini kuwa askari wetu wanachunga mlango ambao mwizi hapitii.

Nianze na mahakama, kwa kuwa huko ndiko watu wengi wanakodhani hatari iliko. Askari anapotoa ushahidi katika kesi za bangi, unga au bunduki, huanza na maneno ambayo niliyatafsiri mara nyingi mno hata nikawa nayajua kabla hajafungua mdomo: nikiwa kazini nilipokea habari kutoka kwa mtu ninayemwamini. Wakili wa mshtakiwa huuliza mtu huyo ni nani, askari hukataa kumtaja, wakili hushikilia, na hapo hakimu huingilia kati na kumtaka wakili aendelee na swali jingine. Hakimu hafanyi hivyo kwa kumpendelea askari. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inasema kwamba hakimu au afisa wa polisi hawezi kulazimishwa kusema ni wapi alikopata habari za kutendeka kwa kosa. Kanuni hiyo ni kongwe. Ilitufikia kwa njia ya India, ambako sheria ya ushahidi ya mwaka 1872 ilitungwa kisha ikatumika huku kwetu mpaka tulipopata ya kwetu mwaka 1963. Katika miaka yangu yote sikumbuki hata siku moja ambapo jina la mtoa habari lilitolewa kwa nguvu mbele ya hakimu.

Hata hivyo, msomaji aitazame vizuri kanuni hiyo aone ni ya nani. Ni kinga ya askari. Inampa askari ruhusa ya kunyamaza akiulizwa kizimbani, lakini haimzuii kusema kwa hiari yake nje ya kizimba, akiwa hotelini anakunywa chai au akiwa ndani ya gari la doria na wenzake sita. Mtoa habari mwenyewe hana chochote mkononi.

Kinga hiyo pia ina mpaka, na ni haki iwe na mpaka, maana mtu hafai kufungwa kwa neno la asiyeonekana. Mfano unaoeleza jambo hili kwa wepesi ni kesi ya Roviaro iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1957. Roviaro alishtakiwa kwa biashara ya heroini mjini Chicago. Mtoa habari, ambaye hati zilimwita tu John Doe, ndiye aliyekuwa naye ndani ya gari usiku ule, huku askari mmoja amejikunja ndani ya buti la gari hilo hilo akisikiliza wanavyozungumza. Serikali ilikataa kumtaja Doe. Mahakama ikasema kwamba mtu huyu hakunong'ona tu akaenda zake. Alishiriki katika tendo lenyewe, na hapakuwa na mwingine ambaye angeweza kuyakubali au kuyakanusha maneno ya mashahidi wa serikali, kwa hiyo serikali imtaje au iiache kesi. Nimeileta kesi hiyo kwa sababu inatenganisha watu ambao vituo vyetu huwachanganya kila siku. Yuko anayedokeza kisha akatoka kabisa katika mambo hayo; yuko anayetumwa kununua au kukutana na mhalifu ili anaswe; na yuko shahidi, ambaye ataapishwa, ataulizwa maswali na atatazamwa usoni. Wa kwanza anaweza kufichwa milele ikiwa polisi watafanya kazi yao. Wa tatu hawezi kufichwa kwa urahisi, kwa kuwa Katiba haikubali.

Balaa huanza pale askari mvivu anapomgeuza wa kwanza kuwa wa tatu. Mtu amekwenda kusema kwamba katika nyumba fulani kunauzwa unga, yaani dawa za kulevya. Kazi ya askari ni kwenda kuichunguza nyumba hiyo, kuona nani anaingia na nani anatoka, kutafuta kibali na kupata ushahidi unaosimama wenyewe. Badala yake humwambia yule mdokezi: kaa hapa uandikishe taarifa. Taarifa ikishaandikwa na kutiwa sahihi huingia katika faili la kesi, na Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake na kuupata, haki ambayo mimi mwenyewe naiunga mkono. Juu kabisa ya karatasi ile, kabla ya neno lolote la maana, kuna jina la mtu, nambari ya kitambulisho, mtaa anakoishi na nambari ya simu. Zaidi ya mara moja niliombwa na mahabusu nimsomee nakala yake kwa sababu iliandikwa kwa Kiingereza, na kila mara niliona macho yake yakitua pale juu kwenye nambari ya simu, na hayashuki.

Ni kweli kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya mwaka 2006, ambayo marekebisho ya mwaka 2010 yaliiundia Wakala wake. Chini ya sheria hiyo shahidi anaweza kuhamishwa anakoishi, kupewa utambulisho mpya, kutumia jina la kupanga mahakamani, kutoa ushahidi nyuma ya pazia au kwa njia ya video, na maelezo yanayomtambulisha yakafutwa katika nyaraka. Ni sheria nzuri na nimeona ikifanya kazi. Lakini ombi la kufuta jina halina faida likiletwa baada ya nakala kusambazwa, na mara nyingi huletwa wakati huo, pale shahidi anapoanza kupigiwa simu usiku. Tena, sheria hiyo kimsingi imetungwa kwa ajili ya mashahidi. Mama aliyedokeza tu, asiyetarajiwa kusimama kizimbani, haingii humo kwa urahisi. Ulinzi wake wote umo katika ulimi wa askari aliyempokea.

Sasa nije kwenye kaunta. Mwaka wa pili wa ukatibu wangu nilikwenda katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kueleza habari za vijana waliokuwa wakikutana kila jioni nyuma ya ghala la zamani, wakigawana simu. Nilifika saa nne asubuhi. Ofisi ya ripoti ilikuwa na benchi moja lililojaa watu waliokuja kuwatolea jamaa zao dhamana, na kaunta ni ndefu hata ukitaka kunong'ona huwezi, kwa kuwa askari amekaa ndani, mbali nawe, na feni inapiga kelele. Nikamwomba tuzungumze pembeni. Akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka nje, mzee, sema tu, hapa hakuna siri. Akaniuliza jina, kitambulisho, simu, akaandika vyote katika kile Kitabu cha Matukio tunachokiita OB, kisha akakiacha wazi juu ya kaunta akaenda kupokea simu. Aliyesimama nyuma yangu alikuwa anaweza kukisoma bila kuinama.

Siku mbili baadaye nilipokuwa nikitoka msikitini baada ya Magharibi, kijana mmoja wa maskani, mwenye adabu zake zote, alinipa shikamoo, nikaitikia, kisha akaniambia: Mzee, sisi si kundi linalokusanyika kwa nia isiyojulikana, sisi ni watoto wako. Sikumjibu. Maneno yale, kundi linalokusanyika kwa nia isiyojulikana, yalikuwa yangu. Mtaani kwetu hakuna anayezungumza hivyo isipokuwa mkalimani mstaafu aliyezoea hati za mashtaka. Aliyempelekea habari hakumpa jina tu, alimpa sentensi nzima. Mpaka leo sijui kama aliyeipeleka ni askari, au mmoja wa waliokuwa kwenye benchi, au mtu aliyesoma kitabu kile; na ubovu wa utaratibu wenyewe ndio huo, kwamba matundu yalikuwa mengi kiasi kwamba hakuna wa kuulizwa.

Mimi nilinusurika kwa sababu ya mvi zangu na kwa kuwa niliwafundisha baadhi yao Kurani. Jirani yangu muuza mahamri hakuwa na mvi. Yeye hakukanyaga kituoni. Alimpa habari askari mmoja aliyekuwa mteja wake, kwa faragha, na askari huyo, nadhani kwa nia njema, akahifadhi nambari yake. Asubuhi moja, wakati vijana wale wale wameketi kwenye fomu yake, yaani benchi la wateja, wakinywa chai, askari alimpigia simu. Simu yake ilikuwa moja ya zile za bei ndogo ambazo sauti yake hutoka nje hata ukiibana sikioni. Askari aliuliza, mama, wale vijana wako hapo sasa hivi? Akajibu kwamba leo hakuna mbaazi, akakata. Jibu lilikuwa la kijasiri, lakini mbaazi zilikuwa zikichemka mbele ya macho ya wote. Mwezi huo hakuumaliza. Alikwenda kukaa kwa ndugu zake bara na fomu yake ikachukuliwa na mtu mwingine. Hakuna sheria ya ulinzi wa mashahidi iliyomhusu. Jambo alilolihitaji lilikuwa dogo sana: askari asimpigie yeye, angoje apigiwe.

Wengi wetu, tukifikiria kufichuliwa kwa mtoa habari, huona picha ya afisa fisadi akipokea bahasha. Maafisa wa namna hiyo wapo, na nitawagusa. Lakini kwa niliyoyaona, uzembe umewafichua watu wengi kuliko bahasha. Askari huja na mdokezi ndani ya gari ili awaonyeshe nyumba kwa kidole, wakidhani giza litamficha, katika mtaa ambao watu humjua mtu kwa mwendo wake na kwa kikohozi chake. Au huvamia nyumba saa moja tu baada ya kuambiwa, na wahalifu wakakaa wakahesabu: mzigo uliingia saa kumi, waliouona ni watatu, wawili wamekamatwa, nani amebaki? Hesabu hiyo ya kutoa haihitaji jasusi. Polisi wenye ujuzi huiharibu kabla haijafanywa. Husubiri siku kadhaa mpaka waliojua wawe wengi, au hupata sababu nyingine ya wazi ya kufika pale, kama ukaguzi wa magari barabarani, au humkamata mdokezi pamoja na wengine na kumwachilia kwa njia ambayo haitazamiki. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee, na mhalifu akiisikia hutafuta kata.

Mji huu umewahi kuona kazi ya namna hiyo ikifanywa kwa ustadi, ingawa walioiongoza walikuwa wageni. Katika kesi ya dawa za kulevya ya ndugu wa Akasha, Baktash na Ibrahim, watoa habari wa siri wa idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya walijifanya wawakilishi wa wauzaji wa Kolombia, wakakutana na watuhumiwa hapa Mombasa na Nairobi, na mikutano na simu zao zikarekodiwa. Walikabidhiwa heroini kilo 99 na methamfetamini kilo 2. Watuhumiwa walikamatwa hapa mjini Novemba 2014, wakasafirishwa hadi Marekani Januari 2017, wakakiri makosa mwaka 2018, na Baktash akafungwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Taarifa rasmi za waendesha mashtaka ziliwaita wale watu watoa habari wa siri, basi, bila majina. Nina maswali yangu kuhusu Mkenya kupelekwa kuhukumiwa ng'ambo, lakini hayo ni ya barua nyingine. Hapa ninatazama kitu kimoja tu: kesi haikuegemea mgongo wa mtu mmoja. Kulikuwa na kanda, kulikuwa na mzigo, na kwa hiyo walipokiri hapakuwa na haja ya mdokezi yeyote kusimama mbele yao akanyooshewa kidole.

Sisi tumekwenda njia iliyo kinyume. Baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 serikali ilileta mpango wa Nyumba Kumi, uliochukuliwa Tanzania, ambako balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa chama, wa ugomvi wa mipaka na wa kutambulisha wageni. Kwetu mpango huo ulipewa kazi ya usalama, na hivyo ukazaa kiumbe cha ajabu: mtoa habari anayejulikana kwa cheo. Kila mtu mtaani anajua kuwa mimi na mwenyekiti wangu tunakaa na chifu na kwamba chifu anakaa na polisi. Likitokea lolote, sisi ndio wa kwanza kushukiwa, hata pale ambapo hatukujua kitu. Jirani zetu wa Kwale walilipa kwa damu. Huko wazee wa Nyumba Kumi waliuawa kwa kushukiwa kuwa wanawapelekea polisi habari za vijana waliorudi kutoka Somalia. Sisemi mpango ufutwe, kwani umepatanisha watu wengi katika mambo ya maji na takataka. Ninasema habari za wahalifu wenye silaha zisipitie kwa mtu ambaye cheo chake kinatangazwa kwenye mikutano ya hadhara.

Zipo njia za kutoa habari bila kuonekana, kama ile ya simu ya Fichua kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambayo haigharimu kitu na mpigaji halazimiki kujitaja. Nimewashauri wengi waitumie. Wanaokataa hunipa sababu moja, nayo si ya kipumbavu: laini zetu zote zimesajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo anayesema usitaje jina lako anaweza kulijua akitaka. Ingesaidia sana kama polisi wangetueleza hadharani, kwa maneno ya kawaida, ni nani anayeiona nambari ya mpigaji, inahifadhiwa kwa muda gani, na kama inafuatana na habari inapotumwa kutoka makao makuu kuja kwenye kituo cha mtaani. Mtu akijua kwamba kituo cha mtaani kitapokea habari tupu isiyo na nambari, atapiga.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao wanaharakati wetu huutaja na polisi huukwepa. Mtoa habari anaweza kuwa mwongo. Kuna anayemchongea mpangaji mwenzake kwa sababu ya mwanamke, kuna anayedokeza ili mshindani wake wa biashara ya unga aondolewe, kuna anayeishi kwa vijihela vya kila habari na siku asipokuwa nayo huitunga. Siri inayomlinda mkweli humlinda huyu pia. Waislamu wenzangu wataikumbuka Sura ya Al-Hujurat, ambayo katika aya ya sita inatuamuru tuchunguze anapotujia fasiki na habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na katika aya ya kumi na mbili inakataza kupelelezana. Nimewasikia vijana wakitumia aya hiyo ya pili kusema kwamba kila anayezungumza na polisi ni mnafiki. Kwa ufahamu wangu mdogo, kuchungulia aibu ya jirani ndani ya nyumba yake ni jambo moja, na kusema kwamba fulani anatembea na panga la kukatia watu ni jambo jingine. Aya ya sita, hata hivyo, ingefaa ibandikwe ndani ya kila ofisi ya upelelezi.

Na mtoa habari asiye na msimamizi anaweza kugeuzwa chombo. Nchi nzima inakumbuka mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi mwezi Juni mwaka 2016, baada ya mteja huyo kumlalamikia askari aliyempiga risasi. Mahakama Kuu ilipowatia hatiani watu wanne mwaka 2022, watatu walikuwa askari na wa nne alikuwa mtoa habari wa polisi, ambaye mwaka 2023 alifungwa miaka 20. Hakuwa mtu wa siri kwa maana ya kulinda mitaa; alikuwa mtu wa askari fulani, aliyetumwa alikotumwa, na hakuna aliyekuwa juu yao wa kuuliza anatumwa kwa kazi gani. Wamarekani nao wana aibu yao kubwa ya aina hii mjini Boston, ambako afisa wa FBI, John Connolly, alimfuga jambazi James Bulger kama mtoa habari kwa miaka mingi, akawa anamvujishia majina ya wengine waliokwenda kutoa habari dhidi yake. Mmoja wao aliuawa mwaka 1982. Connolly alitiwa hatiani mwaka 2002. Mtoa habari aliuawa kwa sababu ofisa mmoja alijua mengi mno na hakuna wa pili aliyekuwa akimtazama.

Hapo ndipo ninapoona kuwa Waingereza wamefikiri vizuri, na mimi si mtu wa kuwasifu Waingereza ovyo. Sheria yao ya mwaka 2000 kuhusu upelelezi wa siri inataka kila mtoa habari awe na afisa mmoja wa kushughulika naye siku kwa siku na kulinda usalama wake, na afisa wa pili, tofauti, wa kusimamia jinsi mtu huyo anavyotumiwa. Kumbukumbu lazima ziwekwe, lakini zile zenye kumtambulisha mtu hazionwi ila na wale wenye haja ya kuziona. Kwa mpango huo afisa wa kwanza hawezi kumficha wala kumtumia mtoa habari kama mali yake, kwa kuwa wa pili anajua. Na askari wa kaunta, dereva na mpishi wa kituo hawawezi kumvujisha, kwa kuwa hawajui.

Ninayoyaomba kwa uongozi wa polisi wa Pwani hayangoji Bunge. Kila kituo kina chumba ambacho mkuu wake hupokea wageni. Basi atakayesema kaunta kwamba ana jambo la kuzungumza na mkuu wa kituo aingizwe humo bila kuulizwa jambo gani, na jina lake lisiandikwe katika OB. Panapoandikwa habari katika faili, paandikwe nambari, na karatasi inayounganisha nambari na mtu ikae katika bahasha iliyofungwa, ndani ya kabati, chini ya ufunguo wa maafisa wawili tu. Sasa tunaambiwa kwamba OB inahamia kwenye kompyuta. Kompyuta inaweza kuonyesha ni nani aliyefungua ukurasa gani na saa ngapi, jambo ambalo daftari haliwezi, na itakuwa hasara kubwa tukinunua mitambo hiyo kisha askari wote wa zamu watumie neno la siri moja lililobandikwa ukutani. Mtoa habari asipigiwe simu, asiitwe kituoni, asipakiwe ndani ya gari la kuonyesha nyumba. Asiandikishwe taarifa mpaka aelezwe, kwa lugha anayoielewa, kwamba akitia sahihi anaweza kuwa shahidi na nakala itamfikia mshtakiwa. Na akikubali, mwendesha mashtaka aombe kufichwa kwa utambulisho wake kabla nakala hazijatoka. Malipo, kama yapo, yaandikwe kwa nambari na yatiwe sahihi na afisa wa pili.

Jambo la mwisho ni adhabu. Sijapata kusikia askari wa hapa aliyepandishwa mahakamani kwa sababu tu ya kulitaja jina la mtoa habari. Huhamishwa, na huko aendako hukabidhiwa kaunta nyingine. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003 na ile ya Hongo ya mwaka 2016 zina vifungu vya kuwalinda wanaofichua ufisadi. Aliyefichua wenye mapanga hastahili ulinzi pungufu ya huo. Hata wa ufisadi wenyewe hatukuwatendea vyema. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyesaidia kufichua kashfa ya Goldenberg ya uporaji wa fedha za umma, alifukuzwa kazi, akakimbilia mji huu huu wa Mombasa, akasilimu na kujenga maisha mapya, na alipofariki mwaka 2006 alikuwa maskini. Alipata hifadhi kwa watu wa mji huu, kwa kuwa hatuna desturi ya kumchimba mgeni ametoka wapi, na ofisi yoyote ya serikali haikuwa na mkono katika hifadhi hiyo.

Jirani yangu wa mahamri bado hajarudi. Nilipompigia Ijumaa iliyopita kumwuliza kama angependa nilitaje tukio lake katika barua hii, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama wewe, Bwana Mhariri, una kaunta. Nikamwambia sijui, nitaileta barua kwa mkono na kuikabidhi ndani. Jina langu na anwani yangu nimeviandika katika karatasi ya pili, ambayo naomba usiichape wala kuiacha juu ya meza.

Mkalimani mstaafu,
Kisauni, Mombasa